Madoa Aliyoyaficha Natsue

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Natsue alichukua beseni dogo la mbao, sabuni na taulo, akafuatana na mama yake na dada yake Mitsuyo hadi kwenye bafu la mtaa. Katika mtaa wao wa Hiroshima hakuna nyumba iliyokuwa na bafu lake. Wanawake wote walioga pamoja. Walikaa kwanza kwenye vigoda, wakajisugua na kujisuuza hadi wakatakata, ndipo wakaingia katika birika kubwa la maji ya moto na kupiga soga. Habari zote za mtaa zilisemwa humo. Mwanamke akishika mimba, bafu zima lilijua kabla mumewe hajaambiwa.

Lakini tangu mvua za mwezi wa sita zianze, Natsue hakutaka hata kusikia habari za bafu. Leo ana mafua, kesho ana kazi nyingi za shule. Alijifuta kwa kitambaa jikoni, mlango ukiwa umefungwa, na shuleni alivaa soksi nene zilizompanda hadi juu ya magoti.

"Wewe Natsue, kwenu kunaanguka theluji?" aliuliza Shigeno, msichana aliyekaa naye dawati moja. "Tena siku hizi unanuka kama figili iliyosahaulika mtungini!"

"Nanuka, na bado umeniganda," Natsue alimjibu. "Hama basi!"

Darasa likaangua kicheko. Natsue naye akacheka, huku akimeza mate yenye ladha ya damu. Fizi zake zilikuwa zikivuja tangu asubuhi.

Chini ya soksi zile kulikuwa na madoa ya zambarau, na hakuwa amejigonga popote. Alijua ni nini. Watoto wote wa mji ule walijua, ingawa hakuna aliyelitaja jambo hilo kwa sauti.

Miaka kumi nyuma, bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya mji, Natsue alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Yeye, mama na Mitsuyo walikuwa kijijini kwa babu, na hawakupata hata mchubuko. Baba ndiye aliyekuwa mjini. Kesho yake mama alimfunga Natsue mgongoni, akamshika Mitsuyo mkono, wakaingia mjini kumtafuta. Walichimbua majivu kwa mikono. Walikunywa maji ya bomba lililopasuka, wakalala juu ya vifusi. Baba hawakumpata. Wala hakuna aliyewaambia kwamba majivu yenyewe yalikuwa na sumu isiyoonekana. Wasomi waliolitengeneza bomu lile ng'ambo ya bahari walifanya kazi yao kwa siri kubwa, na vita vilipokwisha magazeti yalikatazwa kwa miaka kadhaa kuandika juu ya maradhi yake. Watu wa Hiroshima wakajifunza kwa kuzika jamaa zao. Mtu aliyekuwa mzima alianza kutoka madoa, fizi zikavuja damu, kisha akafa.

Siri ile iliwafundisha na wao kuficha. Msichana aliyejulikana kuwa aliguswa na sumu hakupata mchumba kirahisi, kwa kuwa watu waliogopa watoto atakaowazaa. Ndiyo maana kila aliyeuliza, mama alimjibu, "Sisi tulikuwa kijijini." Natsue aliishika sentensi hiyo kabla hajajua kusoma.

Sasa Mitsuyo alikuwa ameposwa na seremala mmoja wa mji wa Onomichi, kijana mpole ambaye akimtazama Mitsuyo alisahau hata kunywa chai yake. Mitsuyo alishona huku akiimba. Lilibaki jambo moja tu: Bi Kurata, shangazi wa kijana huyo, alikuwa amekuja kuwaangalia wakwe, na alisema angependa kuoga pamoja nao. Kila mtu alielewa. Alitaka kuona ngozi zao.

"Mama, mimi tumbo linaniuma," alisema Natsue.

"Tumbo gani hilo linalouma kila wakati wa kuoga?" Mama alikuwa akikunja taulo kwa haraka. "Usipoonekana, yule mama ataanza kuchimba. Unataka kumharibia dada yako?"

Neno hilo lilimfunga Natsue mdomo. Alipiga moyo konde, akachukua beseni lake.

Bafuni mvuke ulikuwa mzito. Bi Kurata, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, alikaa kwenye kigoda karibu na Mitsuyo, akamsifu nywele huku macho yake yakimpitia mgongo mzima. Natsue aliona kigoda kitupu pembeni yao, kwenye mwanga. Akikaa pale, miguu yake ingeonekana yote. Basi akafanya jambo ambalo hata mtoto mdogo wa mtaa ule asingelithubutu: alijifunga taulo, akapita mbio, akatumbukia birikani bila kujisugua.

"Aaa! Huyu ni mtoto wa nani?" alifoka bibi mmoja. "Unatuletea uchafu wako ndani ya maji?"

"Natsue!" Mama alisimama kwa aibu. "Toka humo sasa hivi!"

Natsue hakutoka. Alizama hadi kidevuni. Maji yalikuwa ya moto sana, moyo ukamwenda mbio, na kitu chenye uvuguvugu kikamshuka juu ya mdomo. Tone la kwanza likaanguka majini, likafuatwa na jingine, kisha damu ikatiririka. Wanawake wakapiga kelele, wakaruka nje ya birika. Mitsuyo peke yake ndiye aliyeruka ndani. Alimnyanyua mdogo wake, akamlaza sakafuni, akamkandamiza taulo puani. Na hapo miguu ya Natsue ikaonekana na kila mtu.



"Mlisema mlikuwa kijijini," alisema Bi Kurata.

"Ndiyo, sisi tulikuwa kiji..." Mama alianza.

"Mama, basi!" Mitsuyo alimkatiza, bado akilikandamiza taulo. "Tuliingia mjini, shangazi. Sote watatu. Nilikuwa na miaka kumi, nakumbuka kila kitu."

Bi Kurata alijifunga taulo lake. "Pole, binti yangu," alisema. "Sina ubaya na wewe. Lakini siwezi kwenda kumdanganya kaka yangu." Akachukua vitu vyake, akatoka.

Hospitalini daktari alimpima Natsue damu, kisha akauliza madoa yalianza lini.

"Mvua zilipoanza," Natsue alinong'ona.

"Ungekuja wakati huo." Daktari alivua miwani, akamgeukia mama. "Ni saratani ya damu. Tutamwongezea damu na kumpa dawa. Tutapambana nayo, ila tumechelewa kuanza."

Daktari alipoondoka, Natsue alimgeukia dada yake. "Nimekuharibia, dada."

"Nimelia, na kesho nitalia tena," alisema Mitsuyo. "Lakini mchumba nitampata au nitamkosa. Mdogo wangu mwingine nitamtoa wapi?"

Mama alikuwa amesimama dirishani. Alikuja akakaa kitandani, akaishika miguu ile yenye madoa kwa mikono miwili.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilidhani nawaficha watu wasiwaone, kumbe nilikuwa nakuficha wewe daktari asikuone. Ugonjwa si aibu, Natsue. Hatukuiba, hatukuua mtu. Waliotengeneza bomu wanatembea kichwa juu, sisi tuliopigwa ndio tunaojificha! Kuanzia leo, mwili wako ukikwambia kitu, sema. Hata kama mimi mwenyewe nakwambia nyamaza, wewe sema."

Natsue aliutazama uso wa mama yake. Aliogopa kuuliza, lakini akauliza.

"Mama, nitapona?"

Zamani mama angemjibu upesi, kwa sauti ile ile ya "tulikuwa kijijini." Safari hii machozi yalimtiririka, na hakuyafuta.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Lakini kila nitakachokijua, na wewe utakijua."

Natsue akalia, akamshika mama mkono. Tangu mvua zianze alikuwa akiogopa peke yake. Sasa waliogopa wote watatu.