Mshipa Uliozibwa

Msimu wa karafuu, kijiji cha Ole hakinuki kitu kingine. Karafuu imo kwenye nguo, imo kwenye chai, imo mpaka kwenye nywele za watoto. Ndiyo maana Silima alishtuka aliporudi kutoka shamba adhuhuri moja akakuta chumba kinanukia marashi ya mawaridi, na chini ya marashi harufu ya machinjioni.

"Mwanawema, umejitia marashi?"

"Mie? Hata kuoga sijaoga," mkewe alijibu, macho chini.

Silima akajilaza. Akasikia sauti karibu na ubavu wake, nyu, nyu, kama mtoto anyonyaye. Lakini mtoto wao, Mize, alikuwa na miaka sita, na yuko nje anageuza karafuu jamvini. Kufika alasiri ubavu umevilia damu, na yeye hakupigwa wala hakuanguka. Alipojaribu kusimama, miguu ikakataa.

Walimvusha bahari hadi hospitali ya Dar es Salaam. Daktari Beata alimweleza taratibu: mshipa mmoja wa figo umepasuka wenyewe, damu inamwagikia ndani. Hawakumpasua. Walimtoboa tundu dogo pajani, wakapitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa, wakiufuata kwenye skrini hadi penye tobo, wakapaziba kwa vijiwaya vidogo vilivyojikunja. Silima alikuwa macho. Mpira ulipofika, alisikia kitu ndani yake kikiguna, kisha kikaachia.

Alirudi mzima. Marashi yalikuwa yamehamia upande wa mkewe kitandani.

Alipouona ubavu wa Mwanawema nao umevilia damu, alitaka kulia. "Twende boti ya kesho. Watakuziba kama mie. Hata hakuumi."

"Siendi, baba Mize."

Akamwambia kwa kunong'ona, mtoto asisikie. "Wakumbuka ile nadhiri yangu ya pangoni Msuka, nilipokuwa sipati mtoto? Nilimwahidi jini wa pango damu ya mbuzi mweupe."

Silima alikumbuka. Mize alipozaliwa, yeye ndiye aliyesema mbuzi mmoja anatosha mambo mawili. Mbuzi wa nadhiri wakamchinja kwa akika ya mtoto, nyama wakala na majirani, damu wakaifukia uani. Pangoni halikwenda hata tone.

"Jini alikuja kwako kuchukua yake. Siku uliyozibwa kaja kwangu, mchana kweupe. Kanambia, mumenifungia mlango, nioneshe mwengine. Huku amtazama Mize." Machozi yakamtoka. "Nikamwambia, mlango mie hapa. Sasa nikizibwa na mie, atakwenda kwa nani?"

Silima hakubishana. Alipanda gari la kwanza kwenda Msuka na mbuzi wawili weupe, akawachinja mlangoni mwa pango huku akiomba radhi, akilia, akimtaja mkewe kwa jina la babaake, na damu ikateremka hadi kwenye mchanga ikasimama pale pale juu, nyekundu, haizami, mpaka nzi wakaijaa naye bado amepiga magoti anaitazama.

Alipofika nyumbani, wanawake walikuwa wameshamfunika Mwanawema kanga.

Siku ya arubaini, hitima imekwisha na watu wametawanyika, Mize aliingia kutoka uani ameshika ubavu.

"Baba, kunanukia marashi ya mama."

Silima alimbeba akatoka mbio kuelekea barabarani, hana hata viatu. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya bahari. Njiani mtoto alizidi kuwa mzito, na ile sauti akawa anaisikia wazi kati ya vifua vyao, nyu, nyu.

"Baba, mwambie aache."

Silima akakaa chini kando ya njia. Akalipandisha shati lake, akaubandika ubavu wake kwenye ubavu wa mwanawe, akaukandamiza kwa nguvu zake zote.

"Rudi kwangu," alisema. "Nakusihi. Mie ndiye niliyekudhulumu. Mlango wako wa zamani huu hapa, ingia."

Akangoja asikie maumivu. Hakusikia kitu. Daktari Beata alikuwa ameuziba vizuri.