Saa Moja ya Kunyamaza

Yaliyompata shoga yangu tunayekaa naye hosteli, msiniambie ni uchovu. Alinyimwa nafasi ya kuongoza utafiti wa skana ya kupiga picha za ndani ya mwili, akapewa Malkia, binti ambaye shoga yangu ndiye aliyemfundisha kuwasha mashine! Hiyo ni haki? Yeye akaachiwa kazi ya kupigwa picha na hiyo skana.

Malkia akamdunga sukari yenye mionzi. "Dada, saa nzima usiongee. Msuli ukifanya kazi unakula sukari, unang'aa kwenye picha. Ukiniharibia, nakutoa kwenye utafiti."

"Sawa, bosi," shoga yangu akajibu kwa wivu.

Taa ikazimwa. Akabana midomo. Punde akasikia mnong'ono gizani, hauna hata pumziko: "Nafasi ni yangu. Nirudishie." Akadhani ni watu wa chumba cha pili.

Picha ilipotoka, Malkia akafoka. Pichani koo la shoga yangu lilikuwa linawaka kama la mtu aliyehubiri saa nzima.

"Wallahi sikufungua mdomo!"

Wakaangalia video ya kamera ya kuonea gizani. Kweli, midomo yake ilikuwa imefungwa mwanzo hadi mwisho. Ila koo lilikuwa likipanda na kushuka, na ule mnong'ono ukasikika kwenye video, kwa sauti yake mwenyewe.