Amana za Watu Ziliteketea Ndani ya Sefu Niliyoichagua Mwenyewe

Nina miaka sitini na tisa, ni mjane, nimezaa watoto sita nikazika wawili. Naishi delta ya Rufiji, upande wa Maparoni, ambako mtu akitaka kwenda kokote anapanda boti. Shule niliishia darasa la nne. Siandiki ili mnionee huruma... Naandika kwa sababu naona watu siku hizi wananunua masanduku ya chuma halafu wanalala usingizi, kama nilivyolala mimi.

Kwanza niwaeleze kwetu tunavyoishi, maana asiyejua atauliza nilikuwaje mjinga kiasi hicho.

Msimu wa mpunga sisi tunahama. Nyumba ya kijijini inafungwa, watu wanakwenda shambani kukaa kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Kijijini wanabaki kuku na vikongwe. Sasa kitu chako cha thamani utamwachia nani? Tangu enzi za mama yangu, vitu hivyo vililetwa nyumbani kwetu. Mama alipofariki nikairithi kazi ile. Kila mtu anafunga kitu chake ndani ya kitambaa, anapiga fundo lake mwenyewe, ananikabidhi. Mimi sifungui. Fundo la mwenzako halifunguliwi, ndiyo adabu ya amana. Akimaliza kuvuna anarudi, analitazama fundo lake, anashukuru, anakwenda zake.

Zamani vyote nilivitia kwenye chungu kikubwa, nikakifukia chini ya kitanda. Hakuna aliyewahi kupoteza hata sindano. Lakini mwaka mmoja mto ulifurika vibaya, maji yakaingia mpaka ndani ya chungu, vyeti vya shule vya watoto wa watu vikawa uji. Niliona aibu mpaka nikashindwa kula.

Hapo ndipo aliponijia mkwe wangu Shomari. Huyu ni mume wa binti yangu Siwema, fundi pikipiki pale Kibiti. Kijana mcheshi, mwenye heshima, hapiti bila kuniamkia. Akaniambia, "Mama, mambo ya chungu waachie marehemu. Nunua sefu. Chuma, namba za kubonyeza, mwizi atalia."

Nikauza mpunga wangu, tukaenda naye Kibiti dukani.

Dada muuzaji aliniuliza jambo moja tu la maana, nami sikulisikiliza. Aliuliza nataka kuhifadhi nini. Nikamwambia vitu vya watu. Akauliza kama kuna karatasi. Nikasema zimo.

"Basi bibi, chukua hii," akasema, akigonga sefu moja fupi, nene. "Kuta zake mbili, katikati imejazwa kitu kama saruji. Moto ukija, ndani panakawia kupata joto. Ile kubwa ni bati la chuma tupu. Inamzuia mwizi, tena ukiifunga kwa bolti kwenye sakafu ya zege. Moto ukiizunguka, karatasi zinaokwa humo ndani kama mkate."

Shomari akacheka. "Dada, bibi huyu anatoka delta. Adui zake maji na mamba. Moto utatoka wapi kule?"

Nami nikacheka. Moto si kitu cha kupikia? Nikaitazama ile nene, ndani padogo kama chungu cha mboga. Nikaitazama ile kubwa, ina nafasi, na bei yake ya chini. Nikasema naichukua kubwa.

Wakati nafungua pindo la khanga nitoe pesa, dada alitoa kipakiti cha funguo za dharura, za kufungulia betri ikiisha nguvu. Aliyekipokea ni Shomari. Tulipofika nyumbani akanipa ufunguo mmoja, nikauvaa shingoni kwa uzi. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kwenye kipakiti kile funguo zilikuwa mbili... Ningejuaje? Tangu nizaliwe, mlango niliujua kwa ufunguo wake mmoja.

Na ile bolti? Nyumba yangu ni ya nguzo za mikoko na udongo, paa la makuti, sakafu udongo vilevile. Shomari alisema atarudi kumwaga zege kidogo aifunge. Hakurudi na zege. Sefu ikakaa chumbani kwangu juu ya magogo mawili, ikisubiri maji. Sote tulikuwa tunasubiri maji.

Msimu ulipofika watu wakaleta amana zao. Jirani yangu Mwanahawa alisimama akaikagua sefu, akasema, "Bi Tatu, hiki chuma kinang'aa kuliko mwenyewe."

Nikamjibu, "Mwenyewe nilishang'aa zamani, acha sasa nacho king'ae."

Tulicheka. Kisha akanipa kitambaa chake cheusi, na uso wake ukabadilika. Mwanahawa alifiwa na binti yake wa pekee, akaachiwa mjukuu, Rukia, na dhahabu za marehemu: mkufu, bangili na herini. Rukia alikuwa aolewe baada ya mavuno. Yatima yule hakuwa na kitu kingine cha mama yake duniani.

"Bi Tatu," akaniambia, "humu ndimo alimo mwanangu."

Nikampokea kwa mikono miwili. Nikafunga.

Wasomaji wenzangu, kuna mambo macho yanayaona na moyo unayakataa. Miaka ya nyuma nilibaki kijijini kulinda amana, lakini msimu ule niliiamini sefu, nami nikaenda dunguni. Siwema alikuja kutoka Kibiti, akasema atakaa nyumbani kwangu aniangalizie kuku. Nilifurahi. Lakini kila nilipokuja kijijini Ijumaa nilimkuta amezidi kukonda. Na Shomari naye akawa haishi kuja. Anateremka kwenye boti, ananiletea sukari, anasema amekuja kuangalia betri ya sefu. Siku nyingine alikuja amevaa viatu vipya, akanionyesha kwenye simu picha ya pikipiki. Yake mwenyewe, si ya mteja. Nikamwambia hongera, mwanangu, Mungu akuzidishie.

Sefu niliifungua mara mbili, nikatazama. Vitambaa vyote vilikuwa mahali pake. Nilikibonyeza cha Mwanahawa kwa kidole, kizito vilevile. Nikafunga. Mkono wangu ulitaka kufungua fundo lile, nakwambieni kweli... Lakini si adabu.

Mpunga ulipoanza kuiva mashambani, Siwema akaniuliza, "Mama, watu wakija kuchukua vitu vyao, wanakuja wote siku moja?"

"Kila mtu na siku yake. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Akageuka akaendelea kuosha vyombo. Sahani moja aliisugua muda mrefu, ilikuwa imeshatakata kabisa. Kwa nini sikumshika bega siku ile nikamtazama machoni?

Haikupita wiki. Ilikuwa mchana, jua kali, niko dunguni nafukuza ndege. Nikaona moshi upande wa kijijini. Nikadhani mtu anachoma shamba. Kisha ule moshi ukawa mweusi, ukasimama wima... nikajua ni makuti. Nilishuka nikapanda mtumbwi wa jirani, nikaomba njia nzima iwe nyumba ya mtu mwingine. Mungu anisamehe ombi lile.

Ilikuwa yangu. Paa limeshaanguka, nguzo zinawaka zimesimama kama mishumaa. Siwema alikuwa nje, mzima, hana hata jivu kwenye nywele. Pembeni yake lilikuwa begi lake la nguo, limefungwa zipu vizuri. Nililiona begi lile. Nililiona, nikasema alhamdulillahi, mwanangu ameokoa hata nguo zake.

Sefu ilipopoa, watu walikuwa wameshakusanyika. Vibonyezo vimeyeyuka, ufunguo wangu haukuzunguka. Vijana wakaipiga kwa tindo na nyundo mpaka mlango ukaachia. Ikatoka harufu ya kitu kilichookwa. Vyeti vya watu vilikuwa majani meusi, ukigusa vinakuwa unga. Vitambaa vyote jivu. Kulikuwa na pete ya fedha ya mzee mmoja, imeingia weusi lakini nzima.

Mwanahawa alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye pembe aliyoijua. Akatoa nati. Nati za chuma, zile za kukazia bolti, zimejaa kiganja.

"Bi Tatu, hizi nini?"

"Nati."

"Mimi nilikupa nati?"

Mzee mwenye pete akasema taratibu, kila mtu akasikia, "Fedha yangu imesalimika. Dhahabu nayo moto hauili. Kumbe siku hizi mafundo yanafunguliwa."

Ndugu zangu, nimezika mume na watoto, lakini sijawahi kutazamwa vile. Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma, kana kwamba wizi unaambukiza. Rukia aliziokota zile nati zilizoanguka, moja moja, akamrudishia bibi yake.

Wazee wakakubaliana isomwe Albadiri, dua ya kumwapiza mwizi. Wapwani wanaijua, haisomwi kwa mchezo. Aliyeiba inamfuata popote alipo, yeye na aliyemficha. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema isomwe, na niwekwe mbele.

Jioni ile Siwema akanifuata nilipohifadhiwa kwa jirani. Akanishika miguu. "Mama, nakuomba, waambie wasisome."

Nikamuuliza, "Kama mwizi humjui, unamwogopea nani?"

Akakaa chini kwenye vumbi, akasema yote. Ufunguo wa pili alibaki nao Shomari tangu siku ya kununua. Alizitoa dhahabu msimu ulipoanza tu, akaziuza, akanunua pikipiki, akamwahidi mke wake atazirudisha kabla ya mavuno. Nati alizitoa kwenye karakana yake, akazifunga ndani ya kitambaa kilekile. Siwema alijua. Ndiyo maana alikuja kukaa kwangu, akae mlangoni, watu wasije kuchukua vitu vyao mapema. Na siku ya moto, Shomari alimpigia simu asubuhi: kusanya nguo zako, toka nje, mimi nakuja.

"Hukumuuliza toka nje kwa nini?"

"Niliogopa jibu, mama."

Huyu ni mtoto niliyemnyonyesha. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kwenda kwa wazee nikasema tumwachie Mungu, na nisingepata wa kunilaumu, mimi bibi niliyeunguliwa. Badala yake nikamshika Siwema mkono, nikampeleka mpaka barazani kwa wazee, nikamwambia sema. Alisema huku analia. Sikumfuta machozi.

Shomari alikamatwa Kibiti akiwa juu ya pikipiki ileile. Wizi amekiri, moto anakana. Kesi iko mahakamani, sitaizungumza zaidi. Dhahabu hazikuonekana, zilishayeyushwa. Nilimpa Mwanahawa shamba langu la mpunga la kando ya mto mbele ya wazee. Alilipokea, hakunitazama. Rukia ameolewa masikio matupu. Siwema yuko Ikwiriri kwa shangazi yake. Simu yangu hapokei.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaonunua vyuma hivi. Jiulize kwanza unaweka nini ndani. Kama ni karatasi, nunua inayostahimili moto, hata kama ni ndogo na nzito na bei inakuuma. Usidanganyike kwamba chuma ni chuma. Ifunge kwa bolti kwenye zege siku ileile, usingoje kesho ya mtu. Kipakiti cha funguo kipokee kwa mkono wako, na namba ibonyeze mwenyewe, hata kama kusoma kwako ni kwa kubabaika kama mimi. Na ukiwekewa amana, ifunguliwe mbele ya mwenyewe na shahidi, muone wote kilichomo, ndipo ifungwe. Ile adabu yetu ya kutogusa fundo ilikuwa nzuri kwa watu wa zamani... mwizi wa leo anaijua vizuri, anajificha ndani yake.

Msimu huu watu wameshaanza kuhamia madunguni. Wanapita mbele ya kibanda nilichojengewa, wananiamkia, "Shikamoo, Bi Tatu." Naitikia marahaba. Vitambaa vyao wamevikumbatia vifuani, wanakwenda navyo shambani kwenye mvua na nguruwe. Hakuna anayesimama.

Wewe unayenisoma, watu wakikuamini, usimwamini mtu mwingine kwa niaba yao. Hata akiwa mkweo. Hata akiwa uliyemzaa.