Cheche Hazisukumwi

Kila asubuhi Bi Kekee hufagia karakana kabla ya kuwasha mashine. Siku hiyo ufagio haukuguswa. Alisimama mbele ya meza akiutazama mhimili wa pampu ya maji.

Watu wa mtaa walimpa jina hilo la kekee, chombo cha kutobolea, kwa sababu hakuna chuma alichoshindwa kukitoboa. Sasa kimepatikana. Mtaa mzima haukuwa na maji, siku ya tatu. Mhimili ulikuwa huo huo mmoja, wa chuma cha pua, na kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuchonga uzi mpya wa bolti ndani ya tundu. Jana Bi Kekee alikisukuma kikata-uzi kwa nguvu. Ka! Kikakatikia ndani. Alijaribu kukitoboa, kekee tatu zikawa butu.

"Mmemaliza?" Mtunza pampu alichungulia dirishani. Nyuma yake ndoo tupu ziligongana. "Hawa watu watanila mbichi!"

"Bado kidogo," alijibu Bi Kekee. Uongo mtupu. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Wifi yake, dada wa mumewe, akaingia. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili katika kiwanda cha kalibu za plastiki.

"Wifi, mbona uso hivyo? Umemeza ndimu?"

"Nimevunja kikata-uzi ndani ya mhimili. Nisitiri, wifi yangu."

"Kukusitiri siwezi. Kukitoa naweza."

Alivuta turubai lililofunika mashine ya cheche. Mume wa Bi Kekee aliinunua kuukuu, na tangu siku hiyo ilikuwa meza ya vikombe.

"Kikata-uzi ni kigumu kama kekee yako," wifi alieleza. "Hao mafahali wawili hawatakatana. Lakini umeme haujali ugumu. Fimbo hii ya shaba inakisogelea chuma bila kukigusa. Cheche zinaruka katikati, na kila cheche inayeyusha punje ndogo."

"Na haya mafuta?"

"Ni ya mashine hii tu. Si petroli, si ya taa. Yanapoza na yanaosha takataka. Yafunike kazi kwa kina cha vidole vinne. Cheche ikitokea juu ya mafuta, ni moto. Kizima moto kikae hapa, madirisha wazi, na umeme ukiwaka, mkono nje."

Alichagua fimbo nyembamba kuliko tundu. "Tunakula moyo wa kikata-uzi. Meno yake tutayaokota. Tukila ukuta wa tundu, mhimili kwaheri."

Mashine ikaanza. Cha-cha-cha-cha, chini ya mafuta. Kila baada ya muda fimbo ilipanda kidogo, takataka zikatoka, ikashuka tena. Nusu saa ikapita. Milimita tatu tu!

Nje watu walianza kufokeana. Wifi alikwenda kabatini kuchukua chujio. Bi Kekee akakitazama kitufe cha kuongeza umeme. Moyo ulimwambia acha. Mkono ukaongeza. Kisha akazima kule kupanda kwa fimbo, maana aliona kunapoteza wakati.

Sauti ikabadilika. Ikawa mngurumo. Moshi mweusi ukapanda ndani ya mafuta.

"Zima!" Wifi aliruka, akabonyeza kitufe chekundu. Kimya.

"Umefanya nini?"

"Nimeisukuma kidogo..."

"Cheche hazisukumwi! Takataka zisipotoka, cheche hukaa mahali pamoja na kuchoma shimo."

"Usianze na haraka haraka haina baraka."

"Sianzi. Toa fimbo tuone."

Ncha ya fimbo ilikuwa nyeusi, imepinda. Bi Kekee alisafisha tundu kwa brashi, akamulika tochi. Aliona doa jeusi. Lilikuwa juu ya kikata-uzi. Ukuta ulikuwa mzima.

"Bahati ya mtende," wifi alisema, akakaa chini kwanza. "Miaka ishirini mkono wako umezoea kusukuma. Sasa tumia sikio."

Wakaweka fimbo mpya. Bi Kekee alikaa na kusikiliza. Sauti ikiwa sawa, hakugusa kitu. Mara tatu mngurumo ulianza, na mara tatu yeye mwenyewe alipunguza umeme na kuipandisha fimbo, takataka zikatoka. Nje walipiga kelele. Hakugeuka.

Alasiri moyo wa kikata-uzi uliisha. Waliokota meno yake kwa sindano, vipande vinne. Bi Kekee alimalizia uzi kwa kikata-uzi kipya: mafuta kwanza, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Bolti ikaingia kwa vidole.

Kwenye pampu, mumewe alifunga mhimili. Bi Kekee alifungua kiganja chenye vipande vya kikata-uzi mbele ya mtunza pampu.

"Ni mimi niliyevunja hiki. Asubuhi nilikudanganya."

Mtunza pampu alivitazama vile vipande, kisha foleni. "Leo nimetukanwa hadi babu yangu," alisema. "Kesho nitawaambia ni zamu yako." Akabonyeza swichi.

Pampu ikakohoa. Ikanguruma. Mtunza pampu alitaka kufungua koki yote.

"Subiri," Bi Kekee alisema. "Kuna hewa ndani. Sikiliza."

Wakasubiri. Mngurumo ukatulia, sauti ikawa sawa. "Sasa," alisema. Maji yakatoka kwa nguvu, watu wakapiga vigelegele.

Bi Kekee alichukua ndoo yake, akaenda kusimama mwisho wa foleni.