Kombe la Manjano

Wewe, ukipewa sahani ya maneno usiyojua kuyasoma, utayanywa?

Usijibu haraka. Nusu ya mji wa Kindu, kule Kongo, iliyanywa, enzi za Wabelgiji, na aliyewanywesha ni Mbaraka: mtu aliyefukuzwa chuo cha Kurani kwa kumcheka mwalimu wake, akafungwa na Bula-Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, kwa uganga, akatoka na wagonjwa wengi kuliko zamani. Hakuamini masheikh. Mapadri ndio kabisa. Majini aliyaona kama kazi nzuri ya kivulini. Makombe yake, zile aya za kuandikwa sahanini, kuoshwa na kunywewa, aliyaandika kwa manjano ya sokoni badala ya zafarani, na kwa kuwa wagonjwa hawakujua herufi za Kiarabu, mwaka mzima hakuwa ameandika aya hata moja. Aliandika lililomjia. Majina ya mbuzi. Matusi ya kumtukana komisari.

Zawadi, binti wa Mwanvua, aliletwa na homa ndogo tu. Mbaraka alimwandikia maneno matatu yaliyomchekesha mwenyewe, akayaosha kwa maji, mtoto akanywa.

Siku ya tatu Mwanvua alirudi na sahani.

"Mwalimu, sahani hii haitakati. Nikiosha, maandishi yanatoka. Ikikauka, yanarudi."

"Manjano inashika, mama. Sugua na limao."

"Nimesugua na limao, na majivu, na muchanga. Na mutoto iko anakunywa maji. Mutungi muzima asubuhi, mutungi muzima mangaribi."

"Njo vile homa inatoka."

Mwanvua akashusha sauti. "Hakojoi, mwalimu."

Mbaraka alimfuata hadi nyumbani, akipiga mluzi. King'ora cha mchana cha karakana ya reli kililia walipofika mlangoni, na mluzi ukamwishia. Ndani kulinuka manjano mabichi. Zawadi alikuwa ameketi mkekani, mdomo wa njano, tumbo limejaa kama kiriba, na kila alipovuta pumzi maji yalisikika yakigonga ndani yake.

"Karibu, mwalimu," akasema mtoto, kwa sauti ya Mbaraka.

Mbaraka aliomba wino, akaketi, akajilazimisha kukumbuka aya moja ya kweli, hata ile fupi ambayo watoto wa chuo huimba wakisinzia, lakini mkono ulikwenda wenyewe, ukaandika yale maneno matatu, akayafuta kwa kanzu, ukayaandika tena, makubwa zaidi, hadi sahani ikajaa na kalamu ikaendelea juu ya mkeka, juu ya goti lake mwenyewe, na mtoto akamwangalia bila kupepesa, maji yakigonga, yakigonga, kama mtu aliye ndani ya pipa anayeomba kufunguliwa.

"Nimeitwa kwa adabu," ikasema ile sauti. "Aliyeniita aseme kwa kinywa chake alichoandika. Nitamwacha mutoto, nitahamia kwake. Akidanganya, mutoto atakunywa."

"Uliandika nini, mwalimu?" Mwanvua akauliza.

"Jini ni mwongo, mama. Niliandika aya."

Zawadi akauinua mtungi kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini. Mama yake alimshika kidevu, akamziba mdomo kwa kiganja. Maji yalipita katikati ya vidole, yakaingia.

"Mwalimu. Uliandika nini?"

"Maneno ya Mungu. Wallahi."

Mtungi wa pili. Ngozi ya tumbo ikaanza kung'aa, mishipa ikatoka kama mizizi, na mtoto, kwa sauti yake mwenyewe sasa, ndogo sana, akasema, "Mama, sina kiu."

Ningependa kuwaambia kwamba hapo Mbaraka alimhurumia. Alikuwa akihesabu hatua za kufika mlangoni.

"Niliandika dua," akasema.

Mtungi wa tatu ulikuwa wa mwisho. Zawadi alilala chali, macho wazi, na maji ndani yake yakanyamaza. Mbaraka alikwisha kusimama. Alingojea kilio cha mama, kwa maana mtu hutoroka vizuri penye kilio. Mwanvua hakulia. Aliketi mbele ya mlango, akaiweka ile sahani mapajani, akaanza kupitisha kidole juu ya maandishi, taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu anayejifunza kusoma.

"Anapumua bado," akasema. "Kidogo. Uliandika nini, muntu wa Mungu?"

Mbaraka akameza mate. Yalikuwa na ladha ya manjano.

"Nilikuwa nacheka tu, mama," akasema. "Niliandika: Ingia. Kaa. Usitoke."