Lori la Maji Lisilokuwepo

Jumapili asubuhi mtaani kwetu Buluk, hapa Juba, kabla jua halijawa kali, ungemkuta Maker akifuta vioo vya gari lake jeupe, na binti yake Nyibol, wa miaka sita, akimfuata na kitambaa chake mwenyewe, akichafua pale baba alipokwisha kusafisha. Mkewe Adhieu angetoka mlangoni amevaa tayari, kitabu cha nyimbo mkononi, aseme, "Nyinyi wawili mtatuchelewesha kanisani." Halafu wote watatu wangepanda, na sisi majirani tungewapungia mkono. Nyumba ile ilikuwa na amani, na sisemi hivyo kwa kuwasifu tu.

Mimi naitwa Kiden, fundi wa injini. Kazi nilijifunza Arua, Uganda, miaka ya ukimbizi, na niliporudi Juba watu walikuja kutazama mwanamke akilala chini ya gari kana kwamba ni sinema. Siku hizi wanakuja na magari yao. Nawasimulia haya, wenzangu, kwa sababu nilikuwamo ndani yake na nina sehemu yangu ya lawama. Adhieu ameniruhusu kuyasema, kwa sharti kwamba nisifiche chochote.

Maker alikulia Nakuru. Aliporudi nchini alipata kazi ya kupokea mizigo uwanja wa ndege. Ni mtu mpole, mcheshi, na kila mtoto wa mtaa anajua mfuko wake wa peremende. Kasoro yake ilikuwa pombe. Mwaka juzi alikutwa amelala kwenye usukani, gari limeziba njia, injini inawaka. Siku ile Adhieu alimwita kaka yake, Jok, na mbele ya Jok na mchungaji Maker aliapa kwamba hatakunywa tena akiwa na gari. Adhieu naye alisema lake: akirudia, atamchukua mtoto ahamie kwa kaka yake. Maker alilia. Akashika neno lake kwa zaidi ya mwaka.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa nne. Alitoka kazini mchana, wenzake wakamwita mezani. Alisema atakunywa soda. Soda ikawa bia moja, bia moja ikawa tano. Saa tisa alasiri alikuwa barabarani, anakimbia kama mwenye haraka, mbuzi akakatiza mbele yake. Alivuta usukani, gari likapanda ukingo wa zege wa mtaro, likapiga pua na tumbo kwa pamoja. Hakuumia. Hakumuumiza mtu. Aliketi humo ndani akisikia rejeta ikitoa mvuke, na simu ikalia. Ni Adhieu.

"Baba Nyibol, uko wapi? Chakula kinapoa."

"Niko salama," Maker akasema. "Kuna lori ya maji imerudi nyuma ikanigonga. Nilikuwa nimepaki tu, hata injini haikuwa inawaka."

"Wewe hujaumia?"

"Sijaumia."

"Basi Mungu asifiwe. Gari ni chuma tu."

Angalieni, ndugu zangu, jinsi mlango ulivyokuwa wazi. Mkewe hakuuliza neno lingine. Angeweza kusema jioni, au kesho yake. Lakini aliona uongo umekubalika bila jasho, akaona aukalie.

Gari lilipelekwa kwa Soro, fundi wa bodi. Soro alinyoosha boneti, akabadilisha bampa, taa na rejeta, akapiga rangi mpaka ukijiangalia unajiona. Aliona pia kwamba injini ilikuwa imesukumwa nyuma, na kwamba mipira inayoziba matundu ya nyaya kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na abiria ilikuwa imechanika. Alijaza matundu hayo kwa lipu ile ya kusawazishia bodi. Maker akamwambia, "Mke wangu asijue imegongwa vipi." Soro akajibu, "Kazi yangu ni bati. Maneno si yangu."

Wiki ya pili gari lilianza kutetemeka. Likitembea, liko sawa. Likisimama bila kukanyagwa mafuta, hali ambayo sisi mafundi tunaiita sailensa, linatikisika kama mgonjwa wa homa, mshale wa mizunguko ya injini unapanda na kushuka, na mara nyingine linazima. Maker akaniletea.

"Limegongwa vipi?" nilimuuliza. Fundi lazima aulize hivyo, kama daktari anavyouliza umekula nini.

"Lori ya maji ilirudi nyuma taratibu. Nilikuwa nimepaki, Fundi. Ilinigusa tu hapa mbele."

Nikamwamini. Nikatafuta ubovu pale aliponionyesha. Niliunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikaniambia mchanganyiko wa hewa na petroli si sawa. Nikakagua mabomba ya hewa ya mbele, nikasafisha njia ya hewa, nikabadilisha plagi. Gari likatulia siku tatu, likaanza tena.

Karibu wakati huohuo, Nyibol alianza kutapika. Alifika shuleni asubuhi amelegea, mwalimu anamlaza kwenye benchi, ikifika saa nne anacheza. Adhieu naye alishikwa na kichwa. Walipimwa malaria, hawana. Wakapewa dawa hata hivyo. Siku walizokaa nyumbani walipona kabisa, na Adhieu akasema dawa imefanya kazi. Wakipanda gari, yanarudi. Mnajua vumbi letu, na mvua yetu ikianza: nani huendesha gari Juba na vioo wazi? Walifunga vioo vyote, wakawasha feni, wakaenda.

Maker aliniletea gari mara ya pili. Nikamwambia, "Baba Nyibol, nikumbushe tena. Hakuna kitu kilichopiga chini?"

Alitupa jicho pembeni. Mke wake alikuwa amesimama pale pale, mtoto kamlalia begani.

"Hapana," akasema. "Ni mbele tu."

Nilibadilisha sensa, kile kifaa kinachopima moshi wa injini. Mara ya tatu nilibadilisha mpira wa hewa uliokuwa mzima. Kila mara gari lilinifikia likiwa moto, limetoka safari, na sikuwahi kulisikia likiamka asubuhi likiwa baridi. Ningelisikia hivyo, ningejua. Na ningeweza kuingia chini nikatazama, kwa nini sikuingia? Kwa sababu nilishaambiwa chini hakuna kitu. Hiyo ndiyo lawama yangu, na naibeba.

Maker mwenyewe alishaanza kushuku. Ameniambia baadaye kwamba usiku alikuwa akilala macho wazi akipanga namna ya kunijia peke yake na kuniambia ukweli. Lakini aliona nami nitamwambia mkewe, na mkewe atauliza mbona umesubiri mwezi mzima, na mwezi mzima ni mbaya kuliko siku moja. Kadiri siku zilivyosogea, ndivyo njia ya kutoka ilivyozidi kuwa nyembamba. Alikuwa kama mtu aliyejifungia chumbani, ufunguo anao mwenyewe, na haoni mkono wa kuuinua.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, Nyibol aliamka amechoka, wakaamua kumpeleka kupimwa damu kwenye zahanati moja upande wa soko la Konyo Konyo. Njiani mvua ikashuka, ile mvua ya Juba inayofuta barabara machoni. Bondeni maji yalikuwa yamejaa, malori mawili yamekwama mbele, magari yamejipanga nyuma. Hakuna pa kwenda mbele wala pa kugeuzia. Vioo vimefungwa, feni inavuma, injini inatetemeka sailensa.

"Zima gari," Adhieu alisema baada ya muda. "Kichwa kinanipasuka."

"Nikizima haitawaka tena. Tutabaki katikati ya maji."

"Basi fungua kioo kidogo."

"Mvua itampiga mtoto."

Nusu saa ikapita, pengine zaidi. Adhieu anasema aliona malori ya mbele yakiwa manne, halafu sita. Alitaka kuongea, ulimi ukawa mzito. Aligeuka nyuma amwamshe Nyibol.

"Nyibol. Nyibol, mama. Amka."

Mtoto hakuamka. Mashavu yake yalikuwa mekundu kidogo ndani ya weusi wake, kichwa kimeangukia dirishani. Maker alikuwa ameegemea usukani, anamsikia mkewe kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Ni Adhieu aliyesukuma mlango. Maji yaliingia mpaka kwenye viti. Alitambaa, akafungua mlango wa nyuma, akamvuta mtoto kwa mkono mmoja, wakaanguka wote wawili kwenye maji.

Mwendesha boda boda mmoja, Duku, mtu mzima aliyerudi kutoka Uganda, alikuwa amejikinga mvua kwenye kibaraza cha duka. Aliingia majini na viatu vyake.

"Mama, lete mtoto! Mimi iko na pikipiki upande ile. Gari hii hawezi toka leo."

"Mume wangu yuko ndani!"

"Watu itamtoa. Mtoto kwanza. Yalla, shika mimi vizuri!"

Hospitalini daktari, mama mmoja aitwaye Angella, alimwekea Nyibol oksijeni, kisha akamwekea na Adhieu. Maker aliletwa na watu wa pale barabarani, anatapika lakini anatembea. Daktari akauliza, "Mlilala na jiko la makaa ndani ya nyumba?"

"Hapana," Adhieu akajibu kutoka chini ya kile kifuniko cha oksijeni.

"Kuna moshi mliovuta. Mlikuwa wapi?"

"Kwenye gari."

"Gari hilo limewahi kugongwa?"

Adhieu akamgeukia mumewe. Na hapo, ndugu zangu, mtoto wao akiwa hajafumbua macho, Maker alifungua mdomo, na kilichotoka ni kilekile.

"Lori ya maji," akasema. "Ilinigusa mbele. Nilikuwa nimepaki."

Adhieu alinipigia simu yeye mwenyewe. Maji yalipopungua niliwaomba watu tuvute gari mpaka karakana, na asubuhi, likiwa baridi, nikaliwasha baada ya kulikausha. Nikasikia: tik, tik, tik, nyuma ya injini, mlio ambao hufifia chuma kikipata moto. Nikaingia chini. Tumbo lote lilikuwa limekwaruzwa, na kwenye mikwaruzo kulikuwa na saruji iliyogandamana. Nikafungua kifuniko cha bati kilicho nyuma ya injini, nikakuta pande la chuma linalopokea moshi wa injini limepasuka, ufa unaingia ukucha. Ufa ule ulivuta hewa safi, ukaidanganya sensa, kompyuta ikadhani petroli haitoshi ikamwaga zaidi. Ndiyo maana gari lilitetemeka. Na petroli ikizidi, moshi unakuwa na sumu zaidi, sumu isiyo na harufu. Lipu ya Soro ilikuwa imekauka na kudondoka. Moshi ulipita kwenye matundu yale moja kwa moja hadi miguuni kwa abiria.

Nilimpigia Maker. "Baba Nyibol, usinidanganye mara ya nne. Gari hili limepanda zege kwa mwendo. Hakuna lori."

Alikuwa amesimama kando ya kitanda cha mtoto, na simu yake ina sauti kubwa. Adhieu alisikia kila neno.

"Ni kweli?" alimuuliza.

"Ni kweli."

"Ulikuwa umekunywa?"

"Nilikuwa nimekunywa."

Adhieu hakupiga kelele. Alisema, "Siku ile ningekasirika. Ningekwenda kwa Jok, ningekaa wiki mbili, tatu, halafu ungekuja kuniomba na ningerudi. Uliogopa wiki tatu za hasira yangu. Ona ulichotupandisha ndani yake kila asubuhi."

Maker aliketi sakafuni, akafunika uso.

Nyibol alifumbua macho jioni ya siku ya pili. Yu hai, tunamshukuru Mungu. Lakini si yule wa zamani. Mkono wake wa kulia unatetemeka akishika kalamu, na mwalimu anasema herufi alizozijua mwezi wa tatu ameanza kuzisoma upya. Daktari anasema huenda zikarudi, huenda zisirudi zote. Adhieu alihamia kwa Jok na mtoto. Maker hajanywa tangu siku ile, na kila alasiri akitoka kazini huenda kwa Jok kwa miguu, anaketi na Nyibol nje wakiandika herufi, anamshikia mkono usitetemeke. Magharibi ikikaribia, Adhieu humwambia, "Baba Nyibol, muda umeisha," naye huinuka, huaga, na kurudi peke yake.

Funzo

Wazazi wenzangu, ukinywa usiendeshe. Hilo mnalijua na mmeshaambiwa sana. Ninaloongeza mimi ni hili: ukikosea, sema siku hiyohiyo. Aibu ya siku ya kwanza inavumilika. Ukiificha, unawafungia humo na watu ambao hawakukosa chochote, nao wanavuta sumu bila kujua inatoka wapi. Fundi, daktari na mke hawawezi kutibu kitu walichodanganywa.

Nanyi mafundi wenzangu, mimi na Soro tukiwemo: kazi yetu si bati wala injini peke yake, ni watu wanaopanda. Ukiona hatari, sema, hata mwenye gari akikuomba unyamaze. Na usitosheke na maneno ya mwenye gari. Ingia chini utazame.

Na gari lenu likianza kutetemeka baada ya kugongwa, na walio ndani wakaumwa kichwa, fungueni vioo, zimeni injini, mteremke, hata kama ni kwenye mvua.