Mluzi wa Badi

Haya yalimpata rafiki yangu Badi wa Mambrui, mwaka wa themanini na nne, na mimi mwenyewe nilikuwa pale mlangoni.

Badi alikuwa katika fungate na mkewe, Tumu: siku saba chumbani, madirisha yamefungwa, chakula wanapitishiwa. Nilitumwa kuwapelekea halwa. Nilipobisha, nikasikia kicheko ndani ya giza lile.

"Athman, tumebadilishana!" Badi akasema nyuma ya mlango. "Mimi nimejifunga leso zake, na hina kanipaka. Yeye kavaa kanzu yangu."

"Na mimi ndiye nitakayetoka," Tumu akadakia. "Yeye abaki, aonje kukaa ndani kulivyo."

Nikacheka nao. Mara wakanyamaza wote wawili kwa pamoja. Nikaita, nikaita tena. Nilichosikia ni kucha zikikwaruza ubao, polepole, chini kabisa ya mlango.

Fungate ilipokwisha nikaenda kumtoa bwana harusi. Badi akatoka na kanzu yake, mikono haina hata doa la hina. Akainamisha macho, akasema, "Hujambo, shemeji?"

Nikadhani ananitania. Nyuma yetu wanawake wakautia mlango komeo, kwani bibi harusi alikuwa bado hajaruhusiwa kutoka. Tulipofika uani nikapiga mluzi wetu, ule tuliokuwa tukiitana nao tangu utotoni. Badi hakugeuka.

Mluzi ukaitikiwa kutoka mle chumbani, vile vile kama zamani. Kisha tena. Kisha tena na tena, kwa haraka, bila kupumua.